Tangu nibadilishe chakula cha nyumbani, mume wangu anakula kwa kujificha

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia saa tano usiku. Vyombo bado viko kwenye karo na sina nguvu ya kuvigusa. Nina miaka 38, mume wangu ana 43, na tuna watoto wawili: binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6.

Miezi minne iliyopita mume wangu alipima afya. Sukari ya asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, ilisoma 6.4. Presha ilikuwa 138 kwa 88. Daktari akamwambia, "Kisukari bado, ila uko mlangoni. Badilisha chakula, urudi baada ya miezi sita." Basi, yakaishia hapo. Hakueleza abadilishe nini wala vipi. Baba mkwe wangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na mimi ndiye niliyekuwa namfunga kidonda kila asubuhi, kwa hiyo hofu niliyorudi nayo nyumbani siku ile naijua mwenyewe.

Usiku uleule nilifungua kabati nikatoa kila kitu. Sukari, mchele, mkate mweupe, mafuta, vyote nikavigawa. Mume wangu ni mtu wa chai, vikombe vinne kwa siku na vijiko vitatu vya sukari kila kikombe. Nikamwambia kuanzia kesho ni chai bila sukari. Nikanunua vitu vya afya: mkate wa kahawia, juisi iliyoandikwa "haikuongezwa sukari", yogati za matunda, biskuti za nafaka, na kopo la unga wa virutubisho ambao muuzaji alisema unashusha sukari ndani ya siku thelathini. Mume wangu nikaanza kumpikia sufuria yake: mboga za kuchemsha na kipande cha samaki, bila mafuta, bila chumvi. Sisi wengine tunakula cha kawaida.

Wiki mbili za mwanzo alivumilia. Baadaye akaanza kurudi nyumbani akisema ameshiba. Juzi nilikuwa nafua koti lake, nikakuta karatasi za biskuti mfukoni, na chini ya kiti cha gari kulikuwa na chupa tatu za soda. Nilipiga kelele mbele ya watoto, Shangazi, na ninajuta. Alinijibu kwa sauti ya chini, "Tangu siku ile humu ndani sina mke, nina askari."

Mwanangu mdogo hataki mboga kabisa. Nimekuwa namkalisha mezani hadi amalize, na kila jioni inaishia kwa machozi. Na jana binti yangu, ambaye hana tatizo lolote la uzito, alisukuma sahani akaniuliza, "Mama, mimi ni mnene?"

Narudi kazini nimechoka, napika mara mbili, na hakuna anayefurahi. Nifanye nini? Tule nini hasa? Na huo unga niendelee nao?

Niliyechoka na Sufuria Mbili

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza osha uso, ukae. Mtu aliyemfunga mkwe wake kidonda kila asubuhi halafu akasikia mumewe yuko njia hiyohiyo, akarudi nyumbani akamwaga kabati zima, huyo ana mapenzi, na mapenzi hayo tutayafanyia kazi. Ulichokosa ni mtu wa kukuonyesha pa kuanzia. "Badilisha chakula" si maelekezo. Ni sawa na kumwambia mtu "jenga nyumba" ukamwachia kiwanja kitupu.

Nianze na namba, kwa sababu nadhani zinakutisha kuliko inavyopasa. Sukari ya kufunga ya 6.4 iko katika eneo ambalo Shirika la Afya Duniani linaliweka kati ya 6.1 na 6.9: imepanda, lakini haijafika 7.0 ambako ndiko kisukari kinakohesabiwa. Kwa mtu aliye hapo, chakula na mwendo vina nguvu kubwa. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufika kwenye kisukari. Waliosaidiwa kubadili ulaji, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wale ambao hawakupewa msaada huo. Waliopewa dawa ya metformin walipata pungufu kwa asilimia 31. Yaani chakula na miguu vilishinda kidonge. Na tazama lengo lenyewe lilivyo dogo: mtu wa kilo 90 anatakiwa kupunguza kilo sita na kidogo, na kutembea nusu saa siku tano za wiki. Lakini usilipite neno "waliosaidiwa". Kila mmoja alikuwa na mtu wa kukaa naye, kuzungumza naye na kumsikiliza. Hawakupewa marufuku wakaachwa peke yao nayo.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokuomba halihusu sukari. Ondoa ile sufuria ya pili.

Mama yangu alipoambiwa ana presha, mimi na ndugu zangu tulimtengea kijisufuria chake chenye mfuniko wa bluu. Tulimpenda kwa moyo wote, na kwa mapenzi hayo tukampikia chakula kisicho na chumvi, kisicho na mafuta, kisicho na kitunguu. Sisi tulikula tukicheka, yeye akigeuzageuza kijiko. Akawa anakonda, na tukasema presha ndiyo inayomkondesha. Jioni moja nikaonja kwenye sahani yake. Kijiko cha pili hakikupita kooni. Nililia jikoni siku ile, kwa sababu ilikuwa imepita miezi mitano na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonja. Kesho yake kijisufuria tulikitoa, tukaanza kupika chungu kimoja cha wote, chumvi nusu ya tuliyoizoea, limau na kitunguu saumu kwa wingi. Mama alikula hadi akaongeza.

Mumeo anajificha kwa sababu mbili, mwanangu: njaa na aibu. Mboga za kuchemsha na kipande cha samaki havimshibishi mwanamume wa miaka 43 anayefanya kazi kutwa nzima. Na kukaa meza moja na watoto wako ukiwa na sahani ya mgonjwa ni jambo zito. Zungumza naye. Umwombe radhi kwa kelele zile, na umwombe ukiwa peke yako naye, kisha umuulize swali ambalo pengine hajaulizwa tangu atoke kwa daktari: "Kitu gani huwezi kuishi bila hicho, na kitu gani ungeweza kukipunguza bila shida?" Umsikilize hadi mwisho, usimkatize. Na mifuko yake usiipekue tena.

Sasa tuje kwenye chai, maana hapo ndipo penye faida kubwa kwa jasho dogo. Chukua kijiko cha chai, kichote sukari, upitishe kisu juu yake kiwe bapa. Hiyo ni takriban gramu 4. Vikombe vinne kwa vijiko vitatu ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 48, na hapo nahesabu vijiko bapa. Wengi wetu tunachota vya mlima. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na linashauri kushuka hadi gramu 25 ikiwezekana. Kwa hiyo chai peke yake ilikuwa imeshajaza kibaba. Soda moja ya mililita 330 huwa na gramu 35 hivi, na wewe umekuta chupa tatu.

Ulimtoa kwenye vijiko kumi na viwili hadi sifuri kwa usiku mmoja, na mwili wake ukaenda kuitafuta sukari hiyo garini. Irudishe sukari mezani. Kikombe kiwe na vijiko viwili na nusu kwa wiki mbili, kisha viwili, kisha kimoja na nusu, kisha kimoja. Ulimi hujifunza ukipewa muda. Kufikia siku ya kipimo chake, miezi miwili kutoka sasa, atakuwa kwenye kijiko kimoja bila kugombana na mtu. Soda mwachie mwenyewe apange: pengine moja badala ya tatu, kisha ya siku maalumu tu. Maji yawe mahali anapoyaona, chupa kwenye gari na jagi katikati ya meza.

Ile juisi isitishe sasa hivi, na hapa naomba uniamini kwa sababu wazazi wengi wameponzwa na maneno yaliyo kwenye boksi. "Haikuongezwa sukari" ni kweli, hawakuongeza. Lakini tunda likishakamuliwa, nyuzinyuzi zake nyingi zimebaki kwenye kichujio na sukari yote imeingia kwenye glasi. Glasi moja inabeba machungwa matatu au manne, na inanywewa kwa dakika moja. Hebu mpe mtu huyohuyo machungwa manne ayamenye ayale. La pili halimalizi. Watoto na baba yao wapewe tunda lenyewe.

Kisha chukua kopo moja la ile yogati ya matunda, uligeuze. Nyuma kuna orodha ya viambato, na kanuni inayofuatwa karibu kila nchi ni kwamba kinachotangulia ndicho kilicho kingi kwa uzito, na vingine hufuata kwa kupungua. Soma: maziwa, halafu sukari, halafu tunda likiwa la tatu au la nne. Hicho ni kitindamlo, si vibaya kukila mara mojamoja, ila kisikae kwenye jokofu kwa jina la dawa. Nunua yogati isiyo na ladha, katia tunda mwenyewe. Mkate wa kahawia nao ugeuze. Kama kiambato cha kwanza ni unga wa ngano tu, na mwishoni kuna rangi ya karameli, basi huo ni mkate mweupe uliopakwa rangi. Tafuta ulioanza na ngano nzima, isiyokobolewa. Na ukikuta sehemu ya sodiamu, zidisha mara 2.5 upate chumvi.

Biskuti za nafaka ni biskuti. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwalaza watu 20 kwenye kituo chao kwa mwezi mmoja: wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kutoka vitu halisi. Milo yote miwili iliandaliwa ilingane kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliachwa ale apendavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, bila kukusudia. Ukiniuliza kwa nini mtu hawezi kuacha pakiti ya biskuti katikati, hapo ndipo nitakapokuelekeza.

Unga wa virutubisho acha. Wale watu 3,234 hawakuuhitaji, na muuzaji anayeahidi siku thelathini hana haki ya kuahidi. Kama mumeo ameshautumia, mwambieni daktari, kwa sababu baadhi ya bidhaa hizo huchanganywa na vitu ambavyo havikuandikwa kwenye kopo.

Sahani yenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani, na wali unarudi. Nusu ya sahani mboga, robo wali au kitu kingine cha wanga, robo maharage, dengu, samaki, yai au kuku. Huo ndio mlo wa mgonjwa na wa mzima. Maharage yapende sana: yana protini, yana nyuzinyuzi, na yanashikilia tumbo hadi jioni, ndicho kitu mumeo alichokuwa anakosa. Mboga usizichemshe zikafa. Kaanga kitunguu kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kwa kukipima, usimimine kutoka kwenye chupa, maana kila kijiko ni kalori 120. Tia nyanya, kitunguu saumu, kisha mboga dakika chache tu, na limau ukishaepua. Mafuta kidogo yanahitajika. Bila hayo mwili haunyonyi vizuri vitamini A iliyo kwenye karoti na majani ya kijani. Chumvi, kwa mtu mzima, isifike gramu 5 kwa siku, na kijiko cha chai kilichojaa bapa kinazidi hapo kidogo. Ipunguze kama sukari, robo kwa robo, na uondoe mezani kikopo cha chumvi na jikoni vidonge vya supu, ambavyo karibu nusu yake ni chumvi. Usinunue chumvi mbadala ya potasiamu kabla ya kumuuliza daktari kama figo za mumeo ziko sawa.

Kwa uchovu wako: siku ya mapumziko chemsha maharage mengi, yagawe kwenye vifuko, yagandishe. Mboga zilizogandishwa ni nzuri, hazina aibu yoyote. Maharage ya kopo nayo yanafaa, ila yasuuze kwa maji kwanza ili chumvi ipungue. Na mumeo aingie jikoni. Akate kitunguu. Baada ya kula tembeeni pamoja robo saa, nyote wanne. Misuli inayotembea inachukua sukari moja kwa moja kutoka kwenye damu, na wewe unahitaji hewa.

Mwanao wa miaka 6, mwache ashuke mezani. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aligawa kazi hii kwa namna ninayoikubali kabisa: mzazi anaamua kinacholiwa, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Weka vipande viwili vya karoti kwenye sahani yake, usiseme neno. Asipogusa, toa sahani. Kesho kutwa weka tena. Watoto wengi wanahitaji kukutana na chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, na machozi huwa yanarudisha hesabu nyuma. Usimwahidi pipi ili ale mboga. Utamfundisha kwamba mboga ni adhabu.

Mumeo arudi kupima kama alivyoambiwa, presha na sukari vyote viwili, na mkiweza ombeni kuonana na mtaalamu wa lishe. Akianza kuwa na kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua uzito bila kujua sababu au kuona ukungu, msisubiri miezi miwili.

Nimeliacha la binti yako hadi sasa kwa sababu ndilo lililoniuma. Amekaa miezi minne akiona chakula kinaitwa kizuri na kibaya, akamwona baba yake akitengewa sahani, akasikia kelele kwa sababu ya biskuti. Akahitimisha kwamba kuna kosa mwilini na kwamba pengine na yeye analo. Usimjibu "hapana, wewe si mnene" ukaishia hapo, maana atabaki akiamini kwamba angekuwa mnene ungemgombeza. Kaa kitandani kwake umwambie hivi: "Baba alipimwa, damu yake ikaonyesha sukari kidogo zaidi. Mama aliogopa, akakasirika, na haikuwa kosa la baba wala lako. Mwili wako unakua, unahitaji chakula, na hakuna chakula kwenye nyumba hii cha kukionea aibu. Kuanzia kesho tunakula chungu kimoja wote." Halafu umuulize angependa mpike nini. Ukimwona anaanza kuruka milo au kujifungia baada ya kula, mpeleke kwa daktari mapema na uniandikie.

Usingoje jioni. Mwambie asubuhi, kabla hajaenda shule.

Wako,
Shangazi